Punje nyeupe kwenye mavi ya mbuzi: dalili, vyanzo na msimu wa utitiri malishoni

"Kaka, mbuzi wangu wanatoa wali."

Jirani yangu aliniambia hivyo mwezi wa tatu, tukiwa tumesimama kwenye mlango wa zizi lake, upande wa Mvumi. Alikuwa na kijiti mkononi. Kwenye ncha yake kulikuwa na punje nyeupe, bapa, laini, kama mchele uliolala kwenye maji, na moja ilikuwa bado inajikunja taratibu. Alikwisha kudunga sindano mara mbili na wali ulikuwa unaendelea kutoka. Mimi mwenyewe nilipita njia hiyo hiyo miaka yangu ya kwanza ya kufuga, nikadunga mara tatu, kwa hiyo sikumcheka.

Maelezo haya ni ya mfugaji wa mbuzi, kondoo na ndama Dodoma na maeneo jirani, mahali ambapo mvua inakuja mara moja kwa mwaka na malisho yanatoka kwenye vumbi hadi ukijani ndani ya wiki chache. Ukitaka kuuelewa ule wali, anzia kwenye nyasi, tena kwenye udongo ulio chini ya nyasi.

Mdudu asiyetajwa

Ile punje ni pingili ya tegu, mnyoo bapa anayeishi kwenye utumbo mwembamba. Wataalamu humwita Moniezia. Anaweza kufikia urefu wa mita kadhaa ndani ya kitoto cha mbuzi ambaye mwenyewe hajafika mita moja, na akikomaa anaangusha pingili zake za nyuma moja moja au kwa vishada. Kila pingili imejaa mayai.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: mbuzi akila yai la tegu huyo moja kwa moja, hapati kitu. Yai lazima kwanza liliwe na utitiri wa udongoni. Ni kadudu kasichofikia milimita moja, ka mviringo, ka kahawia, kenye ganda gumu linalong'aa, kana kwamba umevunja punje ya ulezi vipande. Ndani ya kadudu hako yai linageuka lava, yaani mtoto wa mnyoo, na lava inakomaa kwa muda wa mwezi mmoja hadi minne, kutegemea joto. Mbuzi akilila jani lenye utitiri wa namna hiyo, tegu anajishika utumboni, na baada ya wiki tano au sita unaanza kuona wali. Hadi mwaka 1937 watu walikuwa wakikisia tu mnyoo huyu anapitia wapi. Mmarekani Horace Stunkard ndiye aliyeonyesha mwaka huo kwamba njia yake ni utitiri.

Usiuchanganye na utitiri wa kuku unaowasha mikono ukiokota mayai. Usiuchanganye pia na ule wa upele unaotoboa ngozi ya mbuzi, wala na vitoto vya kupe vinavyoganda kwenye suruali mwezi wa tano. Wote ni ukoo mmoja, lakini utitiri wa udongoni haumng'ati mtu wala mnyama. Kazi yake ni kula kuvu na majani yanayooza. Kwa udongo ni mkulima mzuri kabisa, na bahati mbaya yake ni kwamba anabeba mzigo wa mwingine.

Kalenda ya utitiri Dodoma

Mdudu huyu anaongozwa na unyevu. Hapa kwetu mvua inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inaisha Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata milimita 500 hadi 600 hivi. Idadi ya utitiri juu ya nyasi inafuata mstari huo huo, ikichelewa kidogo.

Kiangazi kikishika, utitiri unashuka. Unajificha kwenye mizizi ya mashina ya nyasi, chini ya majani makavu kwenye kivuli cha migunga, kando ya malambo, mabondeni, na pembeni mwa zizi palipo na samadi ya zamani. Mwingi unakufa, lakini si wote. Utitiri mmoja unaweza kuishi mwaka na zaidi, na kama tumboni ana lava ya tegu, anakaa nayo humo. Kwa hiyo malisho yaliyokauka hadi yanalia chini ya kiatu mwezi wa tisa bado yana akiba ya mwaka jana chini yake.

Mvua ya kwanza inauita juu. Mimi sina kipimo cha unyevu. Kalenda yangu ni akina mama. Siku wanapotoka na vikapu kuchuma mlenda porini, najua udongo umelowa kiasi cha kutosha na utitiri umeshapanda. Mwezi wa pili jua mara nyingi hukatiza mvua kwa wiki mbili tatu, utitiri unashuka tena, kisha mvua ikirudi unapanda ukiwa mwingi kuliko mwanzo, maana kufikia Machi kuna majani mengi yaliyooza na kizazi kipya kimeongezeka. Machi na Aprili ndio wakati mzito. Mei na Juni unapungua, ingawa umande wa asubuhi unaendelea kuupandisha mahali penye nyasi nene.

Ndani ya siku moja nao una ratiba yake. Alfajiri yenye umande, jioni jua likizama, na siku nzima ikiwa na mawingu, unapanda kwenye majani ya nyasi. Saa tano jua likiwa kali unateremka udongoni. Malisho yale yale, zizi lile lile, mchungaji yule yule, lakini saa kumi na mbili asubuhi na saa tano ni malisho mawili tofauti.

Kutokana na kalenda hiyo tunapata mawimbi mawili ya wali. La kwanza linatokana na utitiri wa mwaka jana uliovuka kiangazi: vitoto vinakula nyasi za kwanza Desemba, wali unaonekana mwisho wa Januari na Februari. Zile pingili zinaangusha mayai kwenye udongo uliolowa, utitiri unayala, lava inakomaa, na wimbi la pili, kubwa zaidi, linafika Aprili hadi Juni. Weka hili akilini, kwa sababu nusu ya malalamiko yanayofuata yanajibiwa na hesabu hii.

"Nimedunga sindano, wali bado unatoka"

Hili ndilo linaloongoza. Sindano inayouzwa sana madukani kwa minyoo ni ivamektini. Ni dawa nzuri kwa minyoo ya mviringo, kwa upele, kwa chawa, lakini tegu haiguswi. Ukimpa mbuzi ivamektini kila wiki hadi mwaka uishe, tegu atakaa utumboni ananenepa. Levamisoli nayo, ile ya kunywesha ambayo wengi wanaipenda kwa sababu ni rahisi, haimuui tegu.

Duka moja liliniuzia mimi sindano ya tatu baada ya kueleza dalili kwa ufasaha kabisa, punje nyeupe na yote. Tangu siku hiyo nauliza swali moja tu kaunta: dawa hii imeandikwa kuwa inaua minyoo bapa ya utumbo? Kama kibandiko hakisemi hivyo, naiacha.

Dawa inayopatikana kwa urahisi na inayomwondoa tegu ni albendazoli ya kunywesha, lakini hapo kuna mtego. Kipimo cha minyoo ya mviringo ni kidogo kuliko kipimo cha tegu. Vibandiko vingi vina mistari miwili, na mtu anasoma wa kwanza. Aidha, mbuzi huitoa dawa mwilini haraka kuliko kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo kwa mbuzi mara nyingi ni pungufu. Muulize afisa mifugo kipimo cha mbuzi hasa. Mbuzi mwenye mimba changa asipewe albendazoli, inaweza kuharibu mtoto. Prazikwanteli humwondoa tegu vizuri zaidi, ukiwa na daktari wa mifugo anayeweza kukupatia na kukupimia.

Halafu kuna uzito. Mtu akitazama kitoto cha mbuzi kwa macho anasema kilo nane, kumbe ni kumi na mbili. Mzani wa kuning'iniza wa sokoni na kiroba vinatosha kabisa. Pima wale watatu wakubwa wa rika hilo, wape wote kipimo cha mkubwa wao. Wakati wa kunywesha usimnyanyue kichwa hadi pua iangalie mbinguni, dawa itaingia kwenye mapafu na utazika mbuzi wa dawa badala ya mbuzi wa minyoo. Kichwa kiwe usawa, bomba lipite pembeni mwa mdomo hadi nyuma ya ulimi, bonyeza taratibu.

"Kitoto kina wiki tatu, kinaharisha. Ni tegu?"

Hapana. Fanya hesabu. Kitoto kinaanza kutafunatafuna majani kikiwa na wiki mbili au tatu, na tegu anahitaji wiki tano au sita kabla hajaangusha pingili ya kwanza. Kabla ya miezi miwili wali haupo, na ukimpa dawa ya tegu unapoteza fedha.

Anayeharisha akiwa na wiki tatu hadi miezi mitano, hasa kwenye zizi lenye tope la masika, mshuku wa kwanza ni koksidia, vijidudu vinavyoishi utumboni na kuenea kupitia kinyesi. Mavi yanakuwa meusi au yana damu, kitoto kinajikamua. Dawa yake ni nyingine kabisa, za jamii ya salfa au amproliamu, na tiba ya kudumu ni kukausha zizi: kuinua sehemu ya kulala watoto, kumwaga mchanga, kutoa samadi kila wiki mvua ikinyesha.

"Tumbo kubwa, manyoya yamesimama, hakomi kukonda"

Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mbuzi wengi wanakufa huku mwenye mbuzi anakimbizana na tegu.

Tegu anaonekana. Ni mweupe, mkubwa, anatoka na mavi, anachukiza. Kwa sababu anaonekana, anabebeshwa kila lawama. Ukweli ni kwamba tegu wachache ndani ya kitoto kinachokula vizuri hawafanyi madhara makubwa. Wakiwa wengi wanamnyang'anya chakula, anakuwa na tumbo la chungu, anaharisha kidogo, anadumaa, na mara chache wanaziba utumbo. Wakubwa waliozidi mwaka hujijengea kinga na kuwaondoa wenyewe. Tegu mwenyewe haishi sana, baada ya miezi michache anakufa na kutoka.

Muuaji wa masika haonekani kwenye mavi. Ni mnyoo wa mviringo anayekaa kwenye tumbo la nne, jina lake la kitaalamu ni Haemonchus, mwembamba kama uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa, urefu wa sentimita mbili au tatu. Ananyonya damu. Lava zake nazo zinapanda kwenye nyasi na umande, kwa hiyo msimu wake na wa utitiri unaingiliana, na mbuzi mmoja anaweza kuwa na wote wawili. Ukitibu wali peke yake, umemwacha mnyonya damu.

Kumtambua, funua kope la chini. Bonyeza jicho taratibu juu ya kope la juu kwa kidole gumba kimoja, vuta kope la chini kwa kingine, tazama utando wa ndani kwenye mwanga wa jua. Mwekundu au wa waridi iliyokolea, hana shida. Waridi iliyopauka, mfuatilie. Mweupe kama karatasi, mtibu leo, siyo kesho. Uvimbe laini chini ya taya unaojaa jioni na kupungua asubuhi ni alama ile ile, damu imeisha maji yanateremka. Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano kwa kazi hii, na maofisa mifugo wengi wanaifahamu. Mimi huangalia kope za kundi zima kila wiki mbili kuanzia Januari hadi Mei. Mbuzi sitini ni kazi ya asubuhi moja ukiwa na mtoto wa kukushikia.

Kwa kifupi: wali upo na kope ni nyekundu, tegu ndiye tatizo lako na huna haja ya kukurupuka. Kope nyeupe, wali uwepo usiwepo, anza na mnyonya damu.

"Aliyenona kuliko wote ndiye kafa. Tumempasua, tumekuta tegu"

Mzee mmoja wa Bahi aliniita kuona mwanakondoo wake, dume, mnene, alikuwa akicheza jana yake jioni. Asubuhi kalala amekufa, miguu imenyooka. Walimpasua wakakuta tegu mrefu kama kamba ya kufungia ng'ombe. "Mwanangu, huyu ndiye kaniulia," akasema.

Nilimheshimu, lakini sikukubaliana naye. Mwanakondoo mwenye tegu wa kumuua hawezi kuwa mnene kiasi kile. Kifo cha ghafla cha mnyama aliyenona, wiki za kwanza za nyasi changa au baada ya kuingia shamba la mtama lililovunwa, mara nyingi ni sumu ya bakteria wa utumboni wanaozaliana chakula kikiwa kizuri mno kwa ghafla. Ipo chanjo dhidi yake. Tegu alikuwa mle ndani kama shahidi tu. Ukitaka uhakika, mzoga upelekwe ukiwa mbichi au mwite daktari wa mifugo aje. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Dodoma, na huko huko wanapima pia kinyesi kwa hadubini. Kinyesi cha kupima kichukuliwe kutoka kwa mnyama mwenyewe, kiwe cha asubuhi hiyo, kwenye kifuko kilichofungwa. Usiokote cha jana chini ya mti.

"Anazungukazunguka, anaelekeza kichwa upande mmoja"

Huyu ana tegu kweli, ila si wa nyasi. Ni mtoto wa tegu wa mbwa, aliyejenga uvimbe wa maji kwenye ubongo wa mbuzi. Utitiri hauhusiki, msimu hauhusiki. Kinachohusika ni kichwa cha mbuzi aliyechinjwa kutupiwa mbwa. Mbwa anakula ubongo, anapata tegu, anarudi kunya malishoni. Choma au zika vichwa, na mbwa wa zizi wapewe dawa ya tegu.

"Wanajikuna hadi manyoya yanatoka"

Hili ni la kiangazi zaidi, Julai hadi Oktoba, wakiwa wamekonda na wanalala wamebanana. Ni utitiri mwingine, wa upele, na hapo sasa ile sindano ya ivamektini ndiyo mahali pake. Rudia kama kibandiko kinavyosema na tibu kundi zima, maana ukimtibu mmoja wenzake wanamrudishia.

"Kondoo wote wana wali, mbuzi karibu hawana"

Hakuna ugonjwa wa ajabu hapo. Kondoo anakula akiwa ameinamisha kichwa, anakata nyasi karibu na udongo. Mbuzi akipewa nafasi anasimama kwa miguu miwili na kula majani ya mgunga, na utitiri hauko huko juu. Ukiona mbuzi nao wameanza kuwa na wali mwingi, angalia vichaka. Mara nyingi wamekata kuni, au kundi limekuwa kubwa, vichaka vimekwisha na mbuzi wamelazimika kula kama kondoo. Ndama wana tegu wa jamii hiyo hiyo, wanaupata kwenye malisho mabichi ya bondeni, lakini kwao ni nadra kuleta hasara kubwa.

"Nilitibu Januari, dawa sahihi, kipimo sahihi. Aprili wali umerudi"

Huenda dawa yako haina kosa lolote. Albendazoli inamwondoa tegu aliye tumboni siku ile, hailindi kesho. Kitoto kilichotibiwa asubuhi kikapelekwa jioni kwenye nyasi zenye umande kinaanza upya siku hiyo hiyo. Hesabu wiki sita kutoka pale.

Kabla ya kununua dawa nyingine, jiulize haya. Baada ya kunywesha, uliwaweka wapi? Pingili na mayai yanatoka kwa wingi siku inayofuata. Kama walikwenda malishoni, umelipanda shamba la utitiri kwa mkono wako. Wafungie zizini siku nzima, walete majani ya miti na maji, kisha zoa kile kinyesi. Samadi hiyo uliipeleka wapi? Ukiitandaza kavu juani inafaa, kwani jua kali na ukavu huyaua mayai. Ukiilundika na kuilowesha iwe mboji yenye joto, nayo inafaa. Ukiimwaga kando ya zizi chini ya mti, pale vitoto vinapocheza, hapo ndipo chanzo.

Swali la tatu ni la saa. Nani anachunga na anatoa mifugo saa ngapi? Wengi wetu tunawatoa alfajiri ili mchungaji awahi kurudi. Kuanzia Desemba hadi Mei mimi nawatenganisha: wakubwa wanatoka mapema, watoto wa chini ya miezi sita wanabaki hadi saa nne, umande ukiwa umekauka. Wanalia, ni kweli. Wanazoea ndani ya siku tatu. Jioni watoto wanarudi kabla jua halijazama. Siku za mawingu mpango huu hausaidii sana, basi siku hizo wapeleke vichakani, au watoto walishwe zizini majani ya miti.

Na kama unalisha watoto mahali pale pale kila mwaka kwa sababu ni karibu na nyumbani, hapo ndipo akiba yote ya utitiri wenye lava ilipo. Wapeleke kwenye shamba lililolimwa msimu uliopita. Jembe linavuruga udongo na kuondoa majani yanayooza, na shamba la mtama au uwele lililovunwa lina utitiri mchache kuliko malisho ya kudumu.

"Ni kiangazi, nyasi zimekauka, wali unatoka wapi?"

Ukiona wali Juni au mwanzoni mwa Julai, maambukizi ni ya Aprili na Mei. Ni deni la masika linalolipwa sasa. Ukiuona Septemba, tafuta mahali palipobaki na unyevu: ukingo wa lambo wanakokunywa, bustani ya mboga iliyoachwa, bonde lenye majani mabichi, au nyasi zilizokatwa asubuhi na kuletwa zizini mbichi. Nyasi za kukata zianikwe juani saa chache kabla ya kulishwa.

Unataka kuuona kwa macho?

Wapo wasioamini kuna mdudu hadi wamwone, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati. Geuza nusu ya juu iwe faneli, toa kifuniko, weka kipande cha chandarua cha zamani ndani yake. Chota viganja viwili vya majani makavu, mizizi ya nyasi na udongo wa juu kutoka kwenye malisho unayoyashuku, weka juu ya chandarua. Chini weka kikombe cheupe chenye maji kidogo na tone la sabuni. Acha juani kuanzia saa tatu hadi jioni. Udongo unapokauka kutoka juu, wadudu wanakimbilia chini na kuanguka kikombeni. Tazama kwa kioo cha kukuzia au kamera ya simu uliyoikuza. Vile vya mviringo, vya kahawia, vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta, ndivyo vyenyewe.

Fanya hivyo chini ya mti wa karibu na zizi, kisha katikati ya uwanda, kisha kwenye shamba lililolimwa. Mimi nilifanya Machi na kurudia Septemba, na tofauti ya kikombe kwa kikombe ilinifundisha kupanga malisho kuliko semina yoyote niliyokaa. Ila kumbuka, kikombe kinakuonyesha kama utitiri upo. Hakikuambii kama una lava tumboni.

Mambo ya kutojisumbua nayo

Kupulizia dawa ya kupe kwenye nyasi: utamaliza dawa, utaua nyuki, na utitiri uko chini ya mizizi unasubiri. Kuchoma malisho: moto unaondoa majani makavu ya juu na kuupunguza kweli kwa muda, lakini unakuachia udongo mtupu unaosombwa na mvua ya kwanza, na Dodoma, hasa Kondoa, tumeshaona makorongo ya kutosha. Majivu, pilipili na maji ya tumbaku kwa kunywesha: sijaona tegu aliyetoka kwa hayo, na tumbaku inaweza kumuua mbuzi mwenyewe.

Jirani yangu wa Mvumi aliniuliza jambo la mwisho tukiwa tunaosha mikono: je, yule dume aliyekuwa na wali tumchinje kwa ajili ya sherehe, au nyama ina matatizo? Tegu wa nyasi hamwambukizi mtu. Hakai kwenye nyama, anakaa utumboni, na utumbo unaoshwa vizuri na kupikwa kama kawaida. Shida ya dume yule ilikuwa ile dawa aliyopewa juzi. Tulisoma kibandiko pamoja, tukahesabu siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na sherehe ikachinjiwa mwingine.